Taa ya Joto kwa Kobe wa Garissa

Nilimkuta kobe kando ya lami karibu na Modogashe, nikirudi nyumbani Garissa. Lori lilikuwa limempitia pembeni na kumega kipande cha gamba. Nikamfunika kwa kikoi, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye alimsafisha kidonda, akampaka dawa, akaniambia nimweke ndani, mbali na nzi, mpaka gamba lishikane.

"Kivuli, majani na maji," alisema. "Basi."

Ningemsikiliza, hadithi ingeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kufanya utafiti. Jioni ile nilikaa na simu nikitazama video za wafugaji wa kobe, watu wenye sweta, theluji imejaa madirishani mwao. Wote walisema kobe asiye na taa ya joto hufa. Sikujiuliza zile sweta zilikuwa za nini.

Ijumaa baada ya swala nikanunua plaiwudi, misumari na balbu kubwa ya kupashia vifaranga joto. Nikajenga zizi kwenye pembe ya sebule, mahali ambapo mama yangu hupenda kujilaza mchana. Akahamisha mto wake, akaketi kunitazama.

Nilipowasha balbu, akaniita kwa Kisomali, "Waryaa, wewe kijana, huyu mnyama ana baridi?"

"Anahitaji joto, Hooyo," nikamjibu mama. "Ni mambo ya kitaalamu."

Alitazama dirisha, ambako jua la saa nane lilikuwa limewafukuza hata mbuzi barabarani. Kisha akavuta feni karibu yake.

Kobe alistahimili hadi alasiri, kisha akaegemeza bega kwenye ubao wangu na kuusukuma ukaanguka. Tulimkuta bafuni, kifua chini kwenye sakafu yenye maji, shingo ameinyoosha kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu. Mke wangu alisema tumwache hapo. Mimi nikaona tatizo ni ubao.

Nikaongeza mbao na kuziegemeza kwa matofali. Ili nipigilie vizuri nilijenga nikiwa ndani, na nilipomaliza niligundua sikuacha mlango. Kuruka sikuweza, kiuno changu cha mtu wa ofisini kilikataa, na kuta zilianza kuyumba nilipozishika. Kobe alikuwa bado bafuni. Nilikuwa peke yangu chini ya balbu, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi.

"Hooyo," nikaita, "nizimie taa."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mke wangu alikuja na maji, akanywa kwanza yeye, ndipo akanipa bilauri juu ya ubao. "Umekula majani?" akauliza.

Walining'olea tofali moja moja. Balbu nikairudisha dukani, na kobe akakaa bafuni, ambako ilitubidi tupige hodi kwa mguu kabla ya kuoga, asije akakanyagwa. Aliponea huko, akila mchicha na maganda ya tikiti. Daktari alipoligonga gamba na kuridhika, nilimpeleka kobe kwenye vichaka mbali na barabara, nikamweka chini.

Nilitarajia atageuka kidogo kunitazama. Aliingia kwenye nyasi kavu moja kwa moja, kwa kasi ambayo sikujua anayo, nami nikabaki nimesimama pale, nikisikitika kuliko ninavyopenda kukiri.