Moshi Uliotangulia Meli

Marceline alikuwa mpiga pasi wa mtaa wa Mangobo, na watu walimjua kwa mambo mawili: kola zake zilizosimama, na hasira yake isiyokuwa na haraka. Mwaka 1956 alifiwa na mumewe Timothée, karani wa bandari. Hapo ndipo rafiki mkubwa wa marehemu, Basile, alipojipalia makaa.

Timothée na Basile walikuwa katika chama cha wakusanya beji. Kila Jumapili baada ya misa makarani wanane walikaa nyuma ya baa, wakafunua makoti yao ili beji zilizochomekwa kwenye bitana zionekane, wakabadilishana mpaka njaa iwakumbushe nyumbani. Beji ya meli kila mmoja alikuwa nayo: meli nyeupe juu ya buluu, moshi ukirudi nyuma kama moshi wenye akili. Ya Timothée peke yake ilikosewa na fundi, moshi ukatangulia mbele ya meli. Mji mzima haukuwa na ya pili. Basile aliitaka kwa miaka minne. Aliahidi beji kumi, kisha ishirini, na kila mara Timothée alicheka tu.

Timothée alipokufa, Basile alijitolea kumvalisha koti, azikwe na beji yake. Aliwafukuza wote chumbani, akasema rafiki atavikwa na rafiki. Kabla ya jeneza kupigiliwa misumari, Marceline aliinama kumuaga mumewe, akaiona beji kwenye ukosi wa koti. Moshi ulikuwa unarudi nyuma.

Alikuwa ameisugua beji ile kwa majivu na limau kila Jumamosi, hakuweza kukosea. Lakini mjane aliyekaa mkekani akianza kudai beji mbele ya maiti, nani atamsikiliza? Wangesema msiba umempanda kichwani. Akameza uchungu, akazikwa mumewe na beji ya kila mtu, na chuki ikamkaa kifuani mwaka mzima. Usiku na mchana hakumwombea Basile mema hata mara moja, nami simlaumu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, dada yake Agathe alimletea habari. Basile alikuwa akijigamba kwamba atakuja na kitu kwenye karamu ya chama, kitu alichotumiwa kutoka Léopoldville, na wenzake watakodoa macho. Marceline akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya kuvua nguo nyeusi aliwaalika wanachama wote. Aliwapikia samaki na pondu ya majani ya muhogo, akawaacha washibe. Kisha akasimama, akawashukuru mmoja mmoja, na Basile akamweka wa mwisho.

“Papa Basile, weye njo ulimuvalisha koti,” alisema kwa upole. “Ambia ba papa hawa. Timothée alienda na insigne yake ya moshi ya mbele, ao hapana?”

Macho yote yakamgeukia. Basile alifuta jasho, akatazama sahani yake. Angesema nini? Kwamba alimwibia maiti?

“Ndiyo, mama,” akasema. “Alienda nayo.”

Mzee Kasongo, mwenyekiti wa chama, aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. “Bon. Ilikuwa moja tu. Donc siku tukiiona kwa koti ya mutu, tutajua ule mutu alifungua kaburi.”

Wote wakakubali. Marceline akawaongezea samaki.

Karamu ya chama ilipofika, Basile alituma salamu kwamba anaumwa. Siku ya tatu yake alikuja Mangobo mchana kweupe, akamkuta Marceline akipuliza makaa ya pasi. Alifungua kitambaa. Beji ilikuwa humo, inang'aa, moshi mbele.

Alimsihi aichukue. Alisema hata mkewe hawezi kumwonyesha, kwamba anaificha chini ya unga na moyo haumtulii.

Marceline hakuigusa. Jinsi alivyotamani kuishika! Lakini alitamani zaidi kumwona Basile akiondoka nayo.

“Ya bwana yangu iko naye ku malalo, mu kaburi,” alisema. “Weye mwenyewe ulisema mbele ya batu. Hii yako umeipata wapi?”

Basile alizidi kuisogeza beji mbele yake.

“Basi rudia nayo, papa. Na uchunge, batu basiione.”

Akanyunyizia shati maji, akaendelea kupiga pasi.