Oili Ni Oili

Kama huna kinyongo na mtu yeyote, pita tu, hii haikuhusu. Nawaandikia wenzangu tuliowahi kusingiziwa.

Juzi mtu aliyenifukuza kazi kaingia gereji ninayofanyia kazi sasa, kaomba kalamu, kaandika kwa mkono wake mwenyewe kosa alilonibandika mimi. Akatia na saini.

Hakunitambua.

Nianze mwanzo. Mimi ni fundi wa AC za magari, mwanamke, na nina mdomo. Miaka miwili iliyopita nilikuwa kwa jamaa mmoja anajiita Injinia. Cheti hana, ila sauti anayo.

Mjomba wangu, tumbo moja na mama, alikuwa amestaafu ualimu akanunua gari la umeme, la bluu. AC ikaanza kupuliza hewa vuguvugu. Akalileta kwetu kwa sababu yangu. Nikakuta gesi inavuja, nikaziba. Kujaza gesi na oili, Injinia akasema nimwachie, hiyo kazi anaifanya mwenyewe.

Wiki haikuisha, gari likagoma kuwaka.

Injinia akaninyooshea kidole mbele ya mjomba. "Ni huyu mpwa wako. Kaweka oili siyo."

Mjomba hakuniuliza hata neno moja. Aliniangalia tu, akaondoka.

Siku hiyo hiyo nikatolewa kazini. Kwenye ukoo nikapewa jina, Muua Magari. Mama alipolazwa, mjomba alikuwa anakuja hospitali saa ambazo mimi sipo. Mama kila siku ananiuliza, "Mmepatana?" Namjibu bado.

Mama amefariki mwezi wa pili mwaka huu. Hajatuona tumekaa chumba kimoja.

Sasa mnaelewa nilichokuwa nimekibeba kifuani.

Turudi juzi. Asubuhi, jua limeshachachamaa. Nimevaa glavu nene za mpira na kioo cheusi cha kukinga uso, maana umeme wa magari haya hauna utani. Gari jeupe likaingia, vioo vyote vimeshushwa. Anashuka Injinia, shati limelowa mgongo mzima.

"Fundi, AC hainipi baridi. Fanya haraka, nina safari."

Nikamwonyesha benchi. Nikaanza kazi.

Kichujio cha hewa kisafi. Feni ya mbele inazunguka. Geji inasema gesi ipo. Ila kompresa, ile pampu ya gesi, inazunguka kidogo inakata, inazunguka inakata. Nikachomeka kompyuta. Ikaniambia umeme unaanza kuvuja kwenye kompresa.

Nikajua.

Iko hivi. Gari la mafuta, kompresa ya AC inazungushwa na mkanda. La umeme, kompresa ina mota ndani, na mota yenyewe inaogelea kwenye oili. Ukiweka oili ya kawaida inapitisha umeme, na gari likihisi umeme unavuja linajizima. Kuna oili yake maalumu. Wapo mafundi wa zamani hawataki kusikia habari hiyo.

Nikaingia stoo, nikampigia mke wa mjomba. Upande ule ni yeye tu alikuwa bado anapokea simu yangu.

"Shikamoo, mama. Mwambie mzee aje gereji. Aje sasa hivi."

Dakika ishirini mjomba akaingia, akakaa mwisho wa benchi. Injinia hata hakugeuka.

Sasa, kwetu kila mteja anajaza fomu. Kuna swali linauliza: nani aligusa AC mara ya mwisho, na aliweka nini. Sikuhitaji ujanja wowote. Nilimsomea tu swali.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Nimeanza ufundi wewe hujazaliwa."

"Oili uliweka ipi?"

"Ya kawaida. Oili ni oili, binti. Hayo ya oili maalumu ni kuwaibia watu."

"Andika hapo. Weka saini."

Akaandika, tena kwa herufi kubwa.

"Na magari mengine ya umeme uliyawekea hiyo hiyo?"

"Yote yaliyopita mikononi mwangu."

"Hata lile la bluu? La mwalimu mstaafu?"

Akainua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nikavua kioo usoni.

Wallahi, ule uso wa Injinia nitaukumbuka mpaka nazeeka. Akanyoosha mkono aichukue fomu. Nimeshaikunja, iko mfukoni.

"Kompresa yako imekufa, Injinia. Umeiua mwenyewe, na mafundi wote hapa wamesikia."

Akaingia garini aondoke. Gari halikuwaka. Tukalisukuma nje kwa mikono, akakaa humo juani kusubiri gari la kumvuta. Mimi nikanywa maji ya baridi namwangalia. Nilisikia raha, sitawadanganya.

Halafu nikamgeukia mjomba. "Umesikia?"

"Nimesikia." Akainamisha kichwa. "Ila nilikuwa najua, mwanangu."

"Unajua nini?"

"Mwaka jana aliharibu gari la jirani yangu vile vile. Wewe ulishaondoka pale. Nikajua sio wewe. Nikaona aibu kukufuata."

Mwaka jana.

Mwaka jana mama alikuwa hai. Alikuwa amekaa kitandani ananiuliza kama tumepatana, na jibu alikuwa nalo kaka yake mfukoni.

Mjomba akanyoosha mkono. Sikuupokea. Nilimwambia tu, "Mama aliuliza mpaka siku ya mwisho," nikarudi kwenye kazi yangu. Injinia kule nje nikamsahau kabisa.

Fomu yake nimeitia fremu, iko ukutani mapokezi. Pembeni yake nimepigilia msumari mwingine, sijatundika kitu. Mjomba siku hizi anakuja kila wiki, anakaa benchi lile lile, anauangalia. Hajauliza ni wa nini, na mimi sijamwambia kuwa unasubiri karatasi yenye saini yake.

Somo langu ni hili. Kama kuna mtu kasingiziwa na ukweli unao wewe, acha kusoma, mpigie simu. Aibu utaizoea. Mama yake anaweza asiwe na muda wa kukusubiri.