Ubao wa Murdena na Kijiti cha Mbele

Murdena Gouthro alikuwa mwanamke wa kubishana hata na redio. Pale Glace Bay, mji wa migodi na samaki, walimjua hivyo tangu akiwa msichana wa kupasua samaki kiwandani, na alipozeeka, goti likagoma na meno yakahamia kwenye glasi, ubishi wake ulibaki na afya njema. Padri akirefusha mahubiri, Murdena aliinua mkono akatazama saa waziwazi. Daktari alipomkataza chumvi, alibadilisha daktari.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukisema vibaya: ubao wa kribeji, mchezo wa karata wa kuhesabu alama kwa vijiti, ulioning'inia kwenye msumari juu ya jiko. Marehemu mumewe, Wilfred, aliuchonga kutokana na gogo lililowahi kuegemeza paa la mgodi wa makaa, akayatoboa matundu kwa mkono, safu mbili zilizopinda kama nyayo za mlevi, na vijiti akavichonga kwa mfupa. Mzuri haukuwa. Lakini wakinuniana, yeye na Wilfred walikaa kuucheza bila kusemeshana, hesabu ya karata peke yake ikitoka mdomoni, na mchezo ulipokwisha walikuwa wameshasameheana, au angalau wamechoka.

Sasa Cyril, mdogo wake Wilfred, alishikilia kwamba ubao ni wake, maana gogo lile alilibeba yeye begani kutoka mgodini. Aliudai siku ya mazishi, chai ya msiba haijapoa. Akaendelea kuudai kila Krismasi, na kila Krismasi Murdena alimjibu neno lisiloandikika. Mpaka jioni moja, kwenye ukumbi wa kanisa, Cyril akasema mbele ya watu kwamba shemeji yake hajui kribeji, siku zote alikuwa akibebwa na mumewe.

Murdena akaweka kikombe chini.

"Jumapili, baada ya misa, jikoni kwangu. Mchezo mmoja. Ukinifunga, ubao chukua. Nikikufunga, usiutaje tena mpaka ufe. Na ukifa usinijie ndotoni."

Jumapili Cyril alifika amevaa tai. Rita Petrie, jirani, alikuja kuwa shahidi, na biskuti zake za molasi ngumu kama kokoto.

"Tai ya nini, shemeji? Umekuja kuposa?"

"Nimekuja kuchukua mali yangu. Nataka initambue."

Wakaanza. Katika kribeji, karata zinazofika kumi na tano huleta alama mbili, jozi vilevile, na kila karata ya picha ni kumi; anayefika tundu la mwisho kwanza ndiye mshindi. Kila mtu ana vijiti viwili ubaoni. Ukipata alama, unang'oa cha nyuma, unakirusha mbele ya mwenzake; kile kingine kinabaki palepale kuonyesha ulikotoka. Cha mbele hakiguswi. Mtoto wa Glace Bay analijua hilo kabla hajaijua Baba Yetu.

Karata zilimchukia Murdena tangu mwanzo.

"Ngapi hizo, shemeji?"

"Kumi na tisa," akafoka. Ndivyo wasemavyo wachezaji wakipata sifuri, kwa sababu hakuna mkono wa karata unaoweza kuleta kumi na tisa. Cyril alicheka mpaka tai ikahamia begani.

"Wilfred angekuonea haya!"

"Wilfred alikuonea haya wewe tangu ubatizo wako. Cheza."

Murdena akajivuta nyuma yake, alama mbili hapa, tatu pale, hadi wote wawili wakaingia kwenye safu ya mwisho. Murdena alibakiza matundu saba, Cyril manane. Lakini aliyegawa karata ni Murdena, na anayegawa huhesabu wa mwisho. Cyril akiwa na nane mkononi, hata kama Murdena ana ishirini, kwisha. Murdena akautazama ule msumari juu ya jiko, akauona mtupu, kama pengo la jino. Akatafuna biskuti ya Rita ili hofu isionekane.

Cyril akazilaza karata zake polepole, kama mtu anayemvisha bibi harusi pete.

"Tano na kumi, kumi na tano, alama mbili. Tano na malkia, nne. Tano na malkia wa pili, sita. Na malkia hawa ni jozi: nane!" Akasimama. "Nane, shemeji! Nitautundika juu ya televisheni. Hapana, mlangoni, ukija uupigie magoti!" Na huku macho yakiwa ukutani akipima nafasi, mkono ukashuka ubaoni, ukang'oa kijiti.

Cha mbele.

Rita akasema, "Yesu, Maria na Yosefu."

"Hapana," Cyril akasema. "Hapana, kilikuwa hapa. Rita, umekiona! Tundu moja tu mbele ya hiki!"

"Nimekiona," Rita akasema. "Na mkono wako nimeuona."

"Cha mbele kikitoka, kinarudi nyuma ya mwenzake," Murdena akasema, sauti tamu ajabu. "Alhamisi, kwenye mchezo wa ukumbini, ulimrudisha hivyo hivyo padri mwenyewe, akiwa na kola yake shingoni. Rudi, hesabu nane zako."

Cyril akahesabu. Nane kutoka kwenye kijiti kilichobaki zikamfikisha tundu moja kabla ya mwisho, lile waliloliita tundu la uvundo, maana aliyekwama humo hunuka mpaka Pasaka.

Murdena akafunua zake. "Mbili, tatu na kumi, hizo alama mbili. Mbili, tatu na ghulamu, nne. Mbili, tatu, nne zimefuatana: saba." Akaking'oa kijiti chake cha nyuma, cha nyuma kabisa, akamwonyesha Cyril vizuri jinsi kinavyoshikwa, akakitia tundu la mwisho.

Cyril akafungua tai.

"Si ungenipa hata ukumbusho mmoja wa kaka yangu, Murdena?"

Murdena akakichomoa kijiti cha mfupa kutoka kwenye tundu la uvundo, akakiweka kiganjani mwa shemeji yake na kumkunja vidole.

"Chukua hicho, maana umekipenda sana. Mimi nitatumia njiti ya kiberiti."

Akautundika ubao, akamwongezea chai.