Tatu Niliyoiona Sita

Ofisini waliniita Mama Nukta, na jina hilo nililipenda kuliko lile nililopewa na wazazi wangu. Nililipata mwaka wa pili wa kazi, nilipokamata nukta moja iliyodondoka kwenye jedwali la kitabu cha hesabu, ukurasa ambao watu watatu walikuwa wameshaupitia na kuusifu. Mmoja wa hao watatu alikuwa msomaji mkuu, mzee wa miwani minene, na kabla ya mwaka kwisha kiti chake kikawa changu. Tangu hapo kila karatasi ya kiwanda chetu kidogo cha uchapaji ilipita kwanza mezani kwangu. Nilikuwa na rula ya mbao, penseli nyekundu, na ulimi ambao wenzangu waliuogopa kuliko penseli. Kwa miaka ishirini na sita nililipwa kutafuta makosa ya watu, na kazi hiyo ilinifuata mpaka nyumbani. Marehemu mume wangu alikuwa akiniachia ujumbe wa karatasi mezani, na akirudi anaukuta umesahihishwa.

Vijana waliokuja kujifunza kwangu niliwaambia jambo moja mpaka wakalichoka: msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, haangushwi na neno gumu, anaangushwa na kusoma kile anachotarajia kukiona. Ukurasa ukishanyooka, niliandika neno moja kwenye kona ya chini, Ipite, kisha nikatia saini. Bila neno hilo fundi wa mashine hawashi mtambo, hata mkubwa wa ofisi amwagize.

Sasa niiseme aibu yangu.

Macho yalianza kunitoroka miaka miwili iliyopita. Kwanza zilikwenda koma, mikia yao ikawa siioni, kisha herufi ndogo zikaanza kushikana. Binti yangu ni muuguzi, na muuguzi hafichwi kitu. "Mama, mbona unaishika simu mbali hivyo, inanuka?" aliniuliza. "Twende ukapimwe macho." Nikamjibu kwamba macho haya ndiyo yaliyomsomesha, ayaache kama yalivyo. Miwani sikutaka hata kuisikia. Nilikumbuka vizuri yule mzee alivyokusanya vitu vyake kwenye boksi, na mimi nimesimama mlangoni nikisubiri kiti.

Binti hakubishana. Mwezi uliofuata akaniletea zawadi, laptop nyembamba ya kutosha kwenye mkoba wa kawaida, na nadhani alijua anachokifanya. Humo ukurasa unaukuza utakavyo, herufi moja ikawa kubwa kama kidole. Nikaanza kuomba prufu zote ziletwe kwenye kompyuta, nikisema naokoa karatasi. Mkubwa akanisifu mbele ya watu kwa kwenda na wakati. Niliipokea sifa ile nimeinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Chaja iliyokuja na kompyuta ile ilikuwa tofali. Wenzangu ndio walioiita hivyo, tofali la Mama Nukta, kwa sababu kwenye soketi ya kurefushia tuliyoshirikiana watu watano ilikalia matundu mawili peke yake. Waya wake ukachanika shingoni. Nikaufunga utepe, nikaufunga tena, mpaka Jumatatu moja ikakata roho. Nikampigia binti yangu simu, nikamwambia safari hii nataka kichwa cha chaja kidogo, kinachotosha kiganjani, watu wasinisimange tena.

"Vipo, mama, siku hizi vipo," alisema. "Mdomo wake ni ule wa mviringo, kama wa simu mpya. Ila angalia wati. Ya kwako inataka sitini na tano. Ukichukua pungufu, itakunywa kwa kijiko na kumwaga kwa ndoo."

"Mimi ni wa kuambiwa niangalie?" nikamjibu.

Duka la vifaa lilikuwa mtaa wa nyuma ya ofisi, chumba chembamba chenye kaunta ya kioo na nyaya zilizoning'inia ukutani mpaka darini. Muuzaji alikuwa msichana mwenye kucha za bluu. Akaniwekea vichwa vitatu juu ya kioo, kimoja cheusi na kikubwa, na viwili vyeupe vilivyofanana, ila kimoja kilikuwa kidogo zaidi.

"Laptop yako inataka wati ngapi, mama?"

"Sitini na tano."

"Haya, ngoja nikusomee. Maandishi yake yanasumbua, kijivu juu ya nyeupe."

"Binti," nikasema, "kusoma ndiyo kazi yangu."

Alicheka tu, akamgeukia mteja mwingine. Nikakichukua kile kidogo zaidi, nikakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, nikakisogeza, nikakirudisha. Kulikuwa na ukungu wa kijivu, na ndani ya ukungu nikaona sita na tano. Naapa niliona.

"Hiki hapa," nikasema.

"Una uhakika, mama?"

"Nimeona."

Nikarudi ofisini nikakichomeka, kikakaa kwenye tundu moja kama mtoto mwenye adabu. Wenzangu wakapiga makofi, tofali limezikwa. Kwenye kona ya skrini kikajitokeza kijisanduku cha maandishi madogo. Nikakifunga bila kukisoma, kama nilivyokuwa nimezoea kuvifunga vyote.

Siku mbili zile kazi ilikuwa nyepesi, chaji ikatosha. Alhamisi ikaja kazi yenyewe, kijitabu cha vipimo vya dawa za watoto kwa ajili ya zahanati, kurasa thelathini na mbili, karibu zote majedwali. Umri, uzito, kiasi cha dawa. Humo sifuri nukta tano ikidondosha nukta yake, mtoto wa mtu anapewa dawa mara kumi. Mtambo ulipangiwa kuwashwa saa nane mchana. Niliongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho, nikakuza kurasa mara tatu, nikaanza. Saa sita kasoro, nikiwa nimemaliza ukurasa wa kumi na saba, skrini ikawa nyeusi.

Kichwa kilikuwa kimechomekwa, soketi inawaka. Nikachomoa, nikachomeka, nikabonyeza na kubonyeza, wapi! Mchora kurasa, kijana anayepanga maandishi kabla ya kuchapwa, alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu, kompyuta yake kubwa kama dirisha. Ningemwomba ningemaliza kwake. Lakini angeona ninavyozikuza herufi, na kabla ya chakula cha mchana ofisi nzima ingekuwa na habari. Nikabaki nimekaa.

Mkubwa akachungulia mlangoni. "Mama Nukta, fundi ameshaandaa mtambo. Vipi, tunapita?"

"Naomba nichapiwe kurasa kumi na tano zilizobaki," nikasema. "Nazimalizia kwenye karatasi."

"Huyo ndiye Mama Nukta ninayemjua."

Karatasi zikaletwa zikiwa na joto la mashine. Nikaweka rula chini ya mstari wa kwanza na sikuona kitu cha maana. Niliona vijistari vya kijivu, hapa na pale namba iliyonionea huruma ikajitokeza. Nikajikaza kisabuni. Nikashusha rula mstari hadi mstari, kila mstari nikiupa pumzi nne nisionekane naharakisha, na pembeni nikaweka alama ya tiki. Kwenye ukurasa wa ishirini na nne nikazungushia duara jekundu kitu nilichodhani ni koma mahali pasipo pake, ili ionekane kazi inafanyika. Saa saba kamili nikawa nimeandika Ipite mara kumi na tano. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo.

Halafu, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kumlaumu, nikachomoa kile kichwa cha chaja nikaenda nacho dukani. Nilikuwa mbogo.

"Umeniuzia feki!" nikamwambia yule msichana kabla sijavuka kizingiti. Ndani kulikuwa na wateja wawili, wote wakageuka. "Mimi ni mtu mzima, unaniuzia kitu kinachokufa katikati ya kazi?"

Alikichukua, akakigeuza mara moja. "Mama, hii ni wati thelathini na tano."

"Sitini na tano. Nimesoma mwenyewe."

"Ni tatu hiyo, mama. Tatu na tano."

"Sita!"

Mteja mmoja, mwanamume aliyekuja kununua kava la simu, akainama kuangalia. "Ni tatu, mama," akasema taratibu.

Msichana hakubishana tena. Alikipiga picha kwa simu yake, akaivuta kwa vidole viwili mpaka namba zikajaa, akanigeuzia. Ilikuwa tatu, iko wazi upande wa kushoto, haina hata chembe ya sita. Nilikuwa nimeshika tatu mkononi, nikaisoma sita kwa sababu sita ndiyo niliyokuwa naitafuta.

"Pole, mama," akasema yule msichana. "Maandishi yenyewe madogo." Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniumiza. Angenitukana ningepata pa kushikilia. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na mkoba wangu.

Tangu nilipotia saini nilikuwa nikijiambia kwamba zile kurasa niliziona, si vizuri sana, lakini kiasi cha kutosha. Ile tatu ilininyang'anya uongo huo. Msichana alikuwa akiuliza kama anibadilishie, nami nilikuwa nimeshatoka nje. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mkoba kifuani, viatu vya ofisini, nikakimbia mtaa mzima watu wakinipisha. Nilikuwa namwona mtoto nisiyemjua, na kijiko.

Fundi wa mashine alikuwa anajifuta mikono. Kurasa zangu kumi na tano zilikuwa zimebanwa kwa kibanio kwenye msumari wake wa siku zote.

"Kaka, usiwashe," nikasema.

"Nini tena, Mama Nukta? Kosa liko ukurasa gani?"

Nilizifuata zile kurasa kwenye msumari. Nilizishusha, nikaziweka juu ya meza yake yenye wino, nikatoa penseli nyekundu. Mahali nilipoandika Ipite, baada ya ile I ya kwanza, niliweka alama ndogo ya kuchomeka herufi zilizosahaulika, na juu yake nikaandika "si". Ikawa Isipite. Alama ile nilikuwa nimeiweka kwenye maneno ya watu kwa miaka ishirini na sita. Nikaiweka kwenye neno langu mara kumi na tano, fundi anatazama.

Mkubwa akaitwa. Akaangalia karatasi, akaniangalia. "Sawa, kosa liko wapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Huenda halipo. Hizi sikuzisoma, mkubwa. Sikuweza kuziona. Nilipitisha rula tu."

Fundi akainama kutazama viatu vyake. Nilisubiri kelele, hazikuja. Mkubwa aliuliza kitu kimoja tu: "Tangu lini?"

"Miaka miwili," nikasema. "Zile za kompyuta nilikuwa nasoma, nilikuwa nazikuza. Hizi sikusoma." Hata hivyo nilimwona akivipitia kichwani vitabu vyote vya miaka miwili, na sikuwa na haki ya kumkataza.

Mtambo ukasubiri. Mchora kurasa akaambiwa azisome kwa sauti kwenye kompyuta yake kubwa, mkubwa mwenyewe akafuatisha kwenye nakala ya asili iliyotoka kwa daktari wa zahanati. Mimi nikawekewa kiti katikati yao. Sikupewa kitu cha kushika. "Sifuri nukta mbili tano," alisoma yule kijana. "Sifuri nukta tano. Moja. Moja nukta tano." Rula yangu ilikuwa imelala kwenye meza nyingine.

Hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, na sijamwambia mtu, hata binti yangu. Walipofika ukurasa wa thelathini bila kukuta kitu, nilijigundua naomba kosa litokee. Nukta moja tu iliyodondoka, ili mkubwa apige meza na kusema kumbe Mama Nukta ametuokoa. Mimi, mama wa muuguzi, bibi wa wajukuu wawili, nimeketi pale naomba dawa ya mtoto wa mtu iwe imekosewa ili nipate pa kuuficha uso wangu.

Kosa halikuwepo. Walipata duara langu jekundu tu, ukurasa wa ishirini na nne. Ile koma ilikuwa koma halali, mahali pake, na mkubwa akaagiza duara langu lifutwe. Kisha akaniambia niende nikapimwe macho kwanza, habari ya kiti tutaizungumza baadaye. Aliisema kwa heshima, na sikumuuliza baadaye ni lini.

Kesho yake asubuhi nikarudi dukani. Yule msichana aliponiona akaviweka tena vile vichwa viwili vyeupe juu ya kioo, akasubiri. Mikono yangu niliiacha ndani ya mkoba.

"Nisomee, mwanangu," nikasema.

Akakiinua kimoja kwenye mwanga, akaanza kusoma namba moja moja, polepole, na mimi nikaitikia kila namba.