Mshika Ufunguo wa Knockadreen

Cepta Halpin hakumwamini mtu aliyefuta viatu mara mbili kabla ya kuingia ndani. Anayefuta mara moja ni mstaarabu, alisema. Anayefuta mara mbili ana lake jambo. Usimcheke. Mwaka wa tisini na nne alikuja bwana mmoja mpole, mwenye daftari na sauti ya kanisani, akafuta viatu mara mbili, akanywa chai, akasifu mapazia. Kesho yake kile kichwa cha askofu cha jiwe, kilichokaa juu ya mlango wa gofu la kanisa kwa miaka mia saba, hakikuwapo. Tangu siku hiyo Cepta alimwangalia kila mgeni miguuni kwanza, usoni baadaye.

Na wageni hawakukosekana, kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwake. Kilima cha Knockadreen, huko Meath karibu na Dublin, kina gofu la kanisa chini na kaburi la kale juu, kaburi la mawe yaliyochongwa mizunguko na watu ambao hata Waselti waliwakuta wameshasahaulika. Mlango wake ni wa chuma, una kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulitunzwa katika nyumba ya akina Halpin tangu enzi za babu wa mumewe. Ukitaka kuingia unagonga kwa Cepta, unataja jina lako na utokako, unaacha leseni ya gari iwe rehani, unapewa ufunguo, unapanda. Ukishuka kuurudisha, hapo huchomoki: utakaa, utakunywa chai, utakula mkate wa magadi uliopakwa siagi, na utaulizwa kama mama yako yu mzima.

"Wananimaliza hawa watu," alimlalamikia padri kila Jumapili. Uongo mtupu. Mossie, mumewe, alikuwa na miaka sita ardhini; wanawe wawili walihamia Australia; na yeye na jirani wa karibu, Peadar Cluskey, walikuwa hawasemezani kwa sababu ya ua wa miiba. Zilikuwapo wiki nzima ambazo hakusikia sauti ya binadamu jikoni mwake ila ya mtu aliyefuata ufunguo. Bila ufunguo ule angebaki na redio tu. Alilijua hilo vizuri, ndiyo maana barua ya mwezi Machi ilimkosesha raha.

Ilitoka ofisi ya mambo ya kale, Dublin. Ilikuwa na adabu nyingi, na Cepta aliziogopa barua zenye adabu. Ilisema utaratibu wa funguo unaangaliwa upya, na kwamba mahali ambapo mtunzaji "hawezi tena kuhakikisha ufunguo unapatikana" patawekwa kisanduku cha namba. Mgeni atabonyeza tarakimu nne na kuingia, bila kumsumbua mtu. Kuanzia hapo, machoni pa Cepta, kila mwenye kalamu alikuwa mpelelezi.

Basi ikaja Mei Mosi.

Mei Mosi, katika nyumba ya akina Halpin, hakitoki kitu. Si maziwa, si chumvi, si kaa la moto, si kikombe cha maji. Anayekuomba kitu siku ile, hata awe mtawa, huenda anaondoka na bahati ya nyumba nzima. Mwaka mmoja mama mkwe wake alimpa muuza masufuria kijiti cha kiberiti, na kabla ya Juni kwisha ng'ombe watatu walikuwa wamekufa. Cepta hakuyaamini mambo hayo. Alikwenda misa, alisali rozari, akayaita ushirikina wa wazee. Ila hakuyaamini kwa tahadhari: kwa miaka thelathini na minne, kila Mei Mosi, alipanda kilima yeye mwenyewe na ufunguo mkononi, akafungua, akasubiri, akafunga, akarudi nao. Kitu kisichotoka mkononi mwako hujakitoa. Watu wa pale walimtania kwamba siku hiyo anakuwa mkono wa birika, naye akawaambia anapenda tu hewa ya kilimani.

Mwaka huu goti lilikuwa limevimba kama boga. Hata ngazi za kwenda chumbani zilimshinda. Alikuwa akilala sebuleni, kwenye kochi.

Saa tano na nusu basi dogo liliingia uani, na Bronagh Tierney akaruka chini. Bronagh alikuwa mwongozaji wa watalii, binti wa Armagh, aliyewaleta watu kutoka Dublin kila wiki: asubuhi misalaba mirefu ya mawe na mnara wa watawa, adhuhuri Knockadreen, alasiri ngome ya Wanormani, jioni baa. Cepta alimpenda, kwa kiasi ambacho alimpenda mtu yeyote.

Walikuwa wageni kumi na wanne. Kumi na watatu walifuta viatu mara moja au hawakufuta kabisa. Wa mwisho alikuwa bwana wa miaka sitini hivi, kavaa koti la mvua juani, hana kamera. Akafuta viatu. Akavifuta tena. Kisha badala ya kuingia akainama, akachungulia tundu la ufunguo la mlango.

"Umepoteza nini humo?" Cepta akamwuliza.

"Samahani. Kitasa kizuri hiki. Cha zamani."

"Hata mimi ni wa zamani, na sichunguliwi."

Wenzake wakaangua kicheko. Bwana akawa mwekundu mpaka masikioni, akajitambulisha: Goulven Kerrien, mtu wa Brittany. "Na sisi ni Waselti," akasema. "Ni binamu zenu."

Cepta alitabasamu kwa meno tu. Alikuwa na binamu wa kutosha, na aliwajua.

Akawaketisha, akawamiminia chai. Kuwanywesha wageni ndani si kutoa kitu nje, hilo alikuwa amelifikiria tangu alfajiri. Yule Kerrien akachukua kiti karibu na meko, akatoa kijitabu kidogo na kalamu ya risasi.

"Ufunguo mnao miaka mingapi hapa?"

"Ya kutosha."

"Na ukiugua, nani anakaa nao?"

Swali hilo lilikuwa limetoka moja kwa moja kwenye ile barua. "Mimi siugui."

"Lakini naona goti..."

"Goti si ugonjwa. Goti ni goti."

Kerrien akaandika kitu. Kisha akainuka, kikombe mkononi, akaanza kutoka uani ili akitazame kilima.

"Rudisha kikombe!" Sauti ya Cepta ilimfanya mama mmoja wa Kanada ajimwagie chai. "Chai inanywewa ndani. Ndiyo... ndiyo heshima ya hapa."

Bronagh akacheka. "Bi. Halpin, si leo ni Mei Mosi? Bibi yangu kule Armagh asingekuruhusu utoke kwake hata na vumbi la kiatuni. Kumbe na ninyi mko humo humo?"

Hapo Cepta alikuwa amefunguliwa njia pana. Angesema tu, "Ndiyo, mwanangu, na goti limegoma," Bronagh angeelewa kabla hajamaliza. Lakini kalamu ya Kerrien ilikuwa imesimama hewani, inangoja. Cepta aliiona ripoti nzima ikiandikwa: mtunzaji ananyima watu ufunguo kwa sababu ya uchawi wa maziwa.

"Mambo ya kizamani hayo," akajibu, pua juu. "Hapa sisi ni watu wa kisasa."

"Basi lete ufunguo, mama wa kisasa, tuiwahi mvua."

Msumari wa kando ya meko, unaponing'inia ufunguo siku zote, ulikuwa mtupu. Ufunguo ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni yake tangu alipoamka. Kuutoa hawezi, kuunyima hawezi. Akachagua njia ya tatu, ambayo ndiyo ya wapumbavu: akapapasa msumari, akavuta droo, akashika kiuno.

"Siuoni," akasema. "Jana ulikuwa hapa."

Nyumba nzima ikaingia kazini. Wakafunua mito ya kochi, wakachungulia ndani ya kopo la mkate, na yule mama wa Kanada akapiga magoti na kutambaa chini ya meza na sketi yake nzuri. Cepta alitafuta pamoja nao, kwa bidii kuwapita wote, na kila hatua ufunguo ukimgonga pajani. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo hakuna aliyekijua kama yeye.

Bronagh akamsogelea, akashusha sauti. "Hujawahi kuupoteza, Bi. Halpin."

"Sijawahi."

"Uko salama lakini? Vitu vingine unavikumbuka vizuri? Jiko unakumbuka kulizima?"

Ilimchoma. Kudhaniwa mchoyo angestahimili, maana alishazoea. Lakini aliyaona macho ya yule binti yakibadilika, yakawa macho ya watu wanaomtembelea mgonjwa, na dawa yake ilikuwa moja tu, kuukana ule uongo wake.

"Nazima," akasema.

Wakaamua kupanda hivyo hivyo, walau waone mawe kwa nje na gofu la kanisa. Cepta akavuta kiti mpaka dirishani. Walipokwisha kuvuka shamba, roho yake ikatulia. Bahati iko ndani, ufunguo uko ndani, na mpelelezi ameondoka na daftari lenye goti tu. Kesho angewapigia ofisi aseme umeonekana.

Aliyaona makoti ya rangi rangi yakifika kileleni na kuzunguka kaburi. Bronagh akajitenga, simu sikioni, kwa muda mrefu. Kisha koti la mvua likapiga magoti mbele ya mlango wa chuma. Kisha watu wakaanza kupungua. Mmoja akatoweka, akatoweka wa pili, wa tatu. Walikuwa wanaingia ndani.

Cepta akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwapo, baridi, mzima.

Alifika kwenye lango la shamba bila fimbo, hakumbuki vipi, goti likimlilia. Akawangoja. Wakashuka wakicheka, vumbi la miaka elfu tano mikononi, na Bronagh akamkimbilia.

"Ondoa wasiwasi, Bi. Halpin! Huyu Bwana Kerrien amekuwa fundi wa makufuli miaka arobaini, na hakusema kitu!"

Kerrien akamwonyesha kipande cha waya kilichopindwa, kwa haya, kama mtoto aliyeshika namba ya kwanza. "Kufuli zuri. Lakini limechoka, masikini. Nimeligusa mara mbili tu. Nikifika nyumbani nitakuchongea ufunguo mwingine, niutume kwa posta. Zawadi yangu." Akafungua kile kijitabu. Kurasa zote zilikuwa michoro ya funguo na vitasa, vya kila kanisa na kila nyumba aliyoingia, na katika ukurasa wa mwisho kilikuwamo kitasa cha mlango wa Cepta, kimechorwa kwa upendo.

Hakuwa mpelelezi. Hakuwa mwizi. Alikuwa mzee aliyependa vitasa. Cepta aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja nafuu kubwa hata machozi yakamlenga. Akaufumbata ufunguo mle mfukoni. Angeutoa sasa hivi. Angesema yote, wacheke, warudi jikoni.

"Bronagh, sikiliza..."

"Na ofisi usiiwaze kabisa," Bronagh akamkatiza. "Nisingemwacha mtu aguse mlango ule bila ruhusa, kwa hiyo niliwapigia kwanza. Wamekuwa waungwana mno. Nimewaambia ufunguo umepotea, na kwamba si kosa la mtu. Wanakuja Alhamisi."

Watu kumi na wanne walikuwa wakimtabasamia. Mama wa Kanada bado alikuwa na uchafu magotini. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Cepta iliishia pale langoni. Akauachia ufunguo uanguke chini kabisa ya mfuko.

"Asante, mwanangu," akasema.

Alhamisi alikuja bwana mmoja wa ofisi, Fergal Coyne, na sanduku la vifaa. Cepta alimngoja mlangoni na ufunguo mkononi.

"Nimeupata! Kumbe ulikuwa kwenye aproni."

"Vizuri sana, mama," akasema Fergal, kwa ile sauti ya kumridhisha mtoto. "Kaa nao, uwe ukumbusho. Kufuli lenyewe ninaling'oa."

Akapanda. Cepta akamfuata kwa fimbo, akipumzika kila hatua kumi, na alipofika juu kisanduku kilikuwa kimeshafungwa mlangoni, kijivu, hakizidi ukubwa wa pakiti ya sigara.

"Na namba ni ipi?" akauliza, akihema. "Ili mtu akinigongea nimwambie."

Fergal akajikuna shingo. "Namba wanapewa waongozaji waliosajiliwa, mama. Imeandikwa kwenye faili kwamba ufunguo ulipotea mikononi mwako. Si mimi, unaelewa. Ni mambo ya usalama."

"Naelewa," akasema Cepta.

Fergal akainama ili aingize zile tarakimu. Kidole kikasita. Akamtupia jicho yule bibi, akasogeza bega taratibu likakikinga kisanduku, kama ufanyavyo kwenye mashine ya benki ukiwa na mtu usiyemjua nyuma yako. Cepta akageuza uso akatazama bondeni, asije akadhaniwa anachungulia.