Siku ya Ndege, Baridi ya Hamsini na Mbili

Erchim alikuwa na hamu, na hamu haina dawa ila kuonana. Miaka mitatu hakumtia machoni binti yake Kunney, aliyekwenda Yakutsk kusoma akaolewa hukohuko. Sasa Kunney amejifungua mtoto wa kiume, ana siku arobaini na tatu, na babu mtu anamjua kwa picha ya simu tu. Kilichomzuia ni nini? Mitambo! Kijiji chetu cha kando ya mto Yana kina mitambo miwili ya dizeli. Mmoja ukifanya kazi, mwingine unapumzika, na tangu Oktoba hadi Mei ilikuwa haijatokea yote miwili ikanyamaza. Fundi anayeijua kwa sauti ni Erchim peke yake. Kila akiomba ruhusa, mmoja unaugua.

Safari hii ruhusa ilitoka. Siku kumi! Mtambo wa pili alikuwa ameufungua wote akaubadilishia vyuma, akaufunga jana yake. Asubuhi ya safari alifika kituoni amenyoa, kavaa shati jipya, akauwekea moto polepole ili upate joto kabla ya kuwashwa.

"Shemeji, leo umenyoa mpaka masikio!" alicheka Matryona, mjane wa marehemu kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akipokezana naye zamu. "Mjukuu atadhani bwana harusi kaja."

"Wewe cheka tu. Huu usiuharakishe hata kidogo. Joto kwanza, ufunguo baadaye."

"Nimesikia tangu jana. Nenda zako, mwanamume, utanichosha."

Lakini watu wetu, wema wao utatuua siku moja. Msafiri akiondoka, lazima moto wa nyumbani ulishwe chapati na siagi ili njia imfungukie. Desturi nzuri, nani anabisha? Ila chapati za nyumba moja zinatosha. Siku ile kila nyumba ilitaka kumlishia Erchim moto wake, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, wakaacha kupikia chapati kwenye majiko ya kuni, wakawasha ya umeme, nyumba zote kwa pamoja! Mtambo uliokuwa ukifanya kazi ulielemewa, ukaguna, ukatema moshi mweusi. Erchim aliruka kupunguza mzigo, akachelewa. Shafti, chuma kinachozungusha pampu ya mafuta, ilikatika, taa zikazima, kukawa kimya.

Kimya hicho hakuna anayekipenda kwetu. Umeme ukikatika, pampu za maji ya moto zinasimama, na maji yakisimama kwenye mabomba, kwa baridi ya nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri, huganda kwa muda wa saa mbili tu. Baada ya hapo mabomba yanapasuka kijiji kizima, zahanati na shule pamoja.

Mwenyekiti wa kijiji, Prokopy, aliingia mbio, unga wa chapati bado mkononi.

"Erchim, ndugu yangu, washa huo wa pili! Pulizia dawa ya kuwashia, uwashe!"

"Oili bado nzito kama lami. Nikiulazimisha vyuma vitasagana, halafu tutakuwa na maiti mbili hapa ndani. Unataka kusaidia? Hao waliokuwa wanapika, wakoke moto wa kuni, walete maji ya moto. Ndoo kwa ndoo!"

Wakaleta. Walipanga mstari tangu nyumba ya mwalimu mpaka kituoni, wanawake kwa wanaume, mvuke juu ya vichwa. Erchim akayamimina kwenye rejeta ya mtambo wa pili, huku Matryona akielekeza moto wa taa ya gesi chini ya tumbo la oili, akiusogeza huku na huku ili usiunguze mahali pamoja.

Hapo ndipo ndege ikasikika ikitua. Ndege zetu hazizimi injini wakati wa baridi, zikizimwa haziwaki tena. Rubani hungoja nusu saa panga zikizunguka, kisha huyoo.

"Nenda," Matryona alisema bila kumtazama. "Nitauwasha mwenyewe."

Erchim alivaa koti. Naam, alilivaa, simfichi mtu. Akatembea mpaka mlangoni. Akaweka mkono kwenye kitasa. Mtambo uliofungwa jana, unawashwa mara ya kwanza: mmoja awe kwenye ufunguo, mwingine kwenye kipimo cha oili, sikio juu ya chuma, tayari kuuzima ukilia vibaya. Matryona hakuwa na mikono minne. Na vyuma vile, aliyevifunga ni nani?

Alivua koti akalitundika.

"Oili bado inataka dakika ishirini," alisema. "Endelea kuzungusha moto."

Ndege iliondoka zikiwa zimebaki dakika tano. Kisha Erchim akashika kipimo cha oili, akaitikia kwa kichwa, Matryona akazungusha ufunguo. Mtambo ukakohoa, ukatulia, ukanguruma. Nje watu walipiga kelele za furaha, Prokopy akimkumbatia kila aliyemkuta. Erchim alibaki ameinama pale pale, akilia kimyakimya, wala hakujali nani anamwona.

Mtandao wa simu uliporudi, Kunney ndiye aliyepiga.

"Baba, rubani anasema hukupanda."

"Mtambo ulikufa, mwanangu."

Kunney alizaliwa hapahapa, hakuuliza kwa nini.

"Umewaka?"

"Umewaka."

"Mabomba?"

"Mazima yote. Nyumba zina joto."

Nyuma ya Kunney kitoto kilikuwa kinalia, na Erchim alikisikia kwa mara ya kwanza.

"Basi vizuri, Baba," alisema Kunney. "Ni kwamba nilikuwa nimeshakutandikia kitanda."

"Usikitandue," Erchim alisema. "Mlete karibu na simu. Mwache alie."