Yule wa Kukunja Nguo

Watu wa Suna wana maneno. Ukipita kwenye baraza yetu ya mafundi, nyuma ya soko, watakuonyesha kwa kidevu: yule pale ana mapepo. Mimi huwajibu papo hapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi cherehani yangu imekaa kando ya cherehani ya Lynnet Obare miaka mingi. Kwa hivyo nikikwambia huyu ni mwanamke wa kuheshimiwa, sema amina, kisha uende ukanunue nyanya zako.

Ndani ya Lynnet hamkai mtu mmoja. Sisemi mafumbo. Kuna Lynnet mwenyewe, mpole, anayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata na kunywa chai bila sukari. Halafu kuna Adhiambo. Huyo akija, mabega yanainuka, sauti inapanda, Kiswahili kinajaa Kidholuo cha Takawiri, kile kisiwa cha wavuvi walikozaliwa. Atabishana bei na mteja mpaka mteja acheke huku akilipa. Sukari ndiyo usiseme, chai yake ni kama uji wa watoto.

Mmoja akiwa mbele, mwingine hajui kinachoendelea, na tarishi wao ni mimi. Asubuhi naambiwa, "Mama Bravin, mwambie huyo mwenzangu kitambaa cha sketi za shule si cha kuuza." Jioni, mdomo uleule: "Mama Bravin, mwambie Lynnet nimeshakiuza, na asinune." Nimewahi kupatanisha wakwe walioapa kutosalimiana, lakini kazi hii ilinishinda ujanja. Nilizoea tu.

Wa tatu ndiye aliyetuletea shida. Mtu akipaza sauti karibu, au mlango ukibamizwa, Lynnet anaondoka na huyo anakuja. Hasemi. Hakuangalii. Anakunja. Leso ya mteja, gunia, shati lisilo na vifungo bado, chochote. Pembe kwa pembe, anakandamiza kwa kiganja, anaweka juu ya kingine. Ukimwita haitiki. Kelele zikitulia anaondoka, na Lynnet anarudi kukuta rundo limepangwa mbele yake. Hapo huona haya hata kama hakuna aliyemtazama.

Haya yote yalianzia kisiwani, kwa baba wa kambo ambaye akilewa alitafuta sababu ya kupiga, na sababu ya kwanza ilikuwa nyumba kutopangwa. Mtoto akajifunza kukunja nguo haraka. Daktari mmoja wa akili aliyemwona Kisumu alimwambia huu si wazimu wala si majini. Ni mtoto aliyezidiwa na mzigo, akaugawa. Adhiambo ni mtu, alisema. Kuhusu yule wa kukunja hakuwa na hakika. Huenda ni mtu, huenda ni mazoea yaliyobaki mkononi, kama wewe unavyofunga mlango bila kufikiri.

Lynnet alishika hayo ya mazoea kwa mikono miwili. Adhiambo alikuwa akinituma, "Mwambie yule ni mwenzetu." Nami nikipeleka ujumbe, Lynnet anakataa. Siku moja nilimbana, nikamuuliza kwa nini anakuwa mgumu hivi. Aliacha kukanyaga cherehani. "Mama Bravin," akasema, "kama huyo ni mtu, basi kuna mtu alipigwa siku zote zile. Mimi sikumbuki kupigwa. Nani alikuwa pale?" Nikampa chai yake isiyo na sukari.

Sasa, jambo ambalo Lynnet alilitaka kuliko yote duniani lilikuwa ubatizo. Mama yake alibatizwa ziwani, na hiyo ndiyo siku pekee Lynnet alimwona mama yake haogopi. Alimaliza darasa la ubatizo. Kanisa likampa hata kazi ya kushona majoho meupe ya wabatizwa, na akatia vyuma vidogo kwenye pindo ili yasifunuke majini. Halafu Mzee Onsongo, mzee wa kanisa, akasikia ya baraza yetu, akasema kamati ikutane. Yaani majoho ashone, kuvaa tumjadili.

Tulikutana kanisani, nami nikiwa mmoja wa kamati, wabatizwa wakiwa wameketi pembeni na majoho yamerundikwa kwenye benchi. Sharti la Mzee Onsongo lilikuwa moja. Hao wengine waombewe watoke kwanza, abaki mmoja, ndipo aingie majini.

"Mzee," Lynnet akasema, "Adhiambo ndiye aliyenivusha kutoka kisiwani. Mimi sikuwa na ujasiri huo. Nikimfukuza leo kwa sababu nataka joho, nitakuwa Mkristo wa namna gani?"

"Na huyo mwingine?"

"Huyo si mtu. Ni mazoea tu."

"Kanisa halibatizi mtu nusu nusu," akasema Mzee Onsongo kwa sauti, na akagonga meza. Anagonga meza akiomba, anagonga meza akitangaza sadaka. Hajijui, na hakuna aliyewahi kuitisha kamati kuuliza kama yeye ni mtu.

Lynnet akaondoka. Tulimwona akiondoka, macho yakabaki wazi tu. Mwili ukainuka, ukaenda kwenye benchi, mikono ikaanza. Joho la kwanza, pembe kwa pembe, kiganja. La pili. Kanisa zima likamtazama.

"Mnaona wenyewe," Mzee Onsongo akasema, safari hii polepole. "Hapo hakuna mtu. Tungembatiza nani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, na jibu langu halikuwa la kanisani. Lakini mikono ilikuwa imesimama. Joho lilikuwa limekunjwa nusu. Akainua uso, na ndiyo mara ya kwanza niliyaona macho ya yule wa kukunja. Alikuwa anamwangalia Gesare.

Gesare ni yule mama mnene wa ndizi, anayecheka mpaka barabarani anasikika. Alikuwa kati ya wabatizwa, na kumbe tangu meza igongwe alikuwa anatetemeka, mikono ameibana katikati ya magoti. Tulikuwa tumeketi naye pale, kamati nzima. Hatukumwona.

Yule wa kukunja akalikunjua joho. Akalipeleka, akamfunika Gesare mabegani, akaliweka vizuri shingoni. Akaacha mkono wake pale begani mpaka Gesare akaanza kulia. Kisha akarudi kwenye benchi, akaendelea na yaliyobaki.

"Mzee," nikasema, "mazoea yake ni kukunja. Hilo alilolikunjua, nani alimfundisha?"

Mzee Onsongo aliutoa mkono wake mezani, akauweka mapajani. Nitamsifu kwa hilo. Pasta Magige, Mkuria wa Ntimaru asiyependa maneno mengi, akasema tungoje Lynnet arudi, na hakuna mtu atakayepaza sauti.

Alirudi. Akaona rundo, haya ikamjia, kisha jicho la fundi likaona pengo. "Joho moja liko wapi?"

Nikamwambia. Akaniomba nirudie.

"Alikunjua?"

"Alikunjua, akamfunika."

Lynnet akaketi chini pale pale, sakafuni. "Basi yupo," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Basi alikuwepo. Siku zote zile, yeye peke yake." Alilia kama mtu aliyeletewa habari za mtoto wake, na Gesare akatoka kwenye kiti chake akaja kuketi naye, na joho lake mabegani. Mimi nililia pia, sioni sababu ya kuficha.

Kesho yake barazani nikaulizwa na yule wa sukari, "Mama Bravin, je, sikumwambia?"

Ubatizo ulifanyika Homa Bay, wakati wa makambi ya kanisa, asubuhi ziwa likiwa limetulia. Mzee Onsongo ndiye aliyemshika Lynnet mkono kumteremsha kwenye mawe. Pasta Magige alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Akamuuliza jina, kama desturi.

"Lynnet."

Mabega yakainuka. "Adhiambo. *Ayie*." Yaani nakubali, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliouza mandazi.

Pasta akangoja. Watu wa ufukoni walianza kunong'ona, naye akangoja tu. Lynnet alikuwa amerudi. Akasema, "Na wa tatu hatujajua jina lake, Pasta. Hatukuwahi kumuuliza. Lakini tumekuja naye."

"Mungu anamjua," Pasta akasema, akamzamisha.

Mimi nilikuwa nangoja ufukoni na leso kavu. Alipotoka, maji yakimchuruzika, sikujua ni nani kati yao. Aliichukua leso mikononi mwangu bila neno, akaikunja pembe kwa pembe, akaitazama. Kisha akaikunjua, akajifunika mwenyewe.